Soli Nene Kwenye Viatu vya Atieno

Laini Saba, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba,

Goti lako linaendeleaje na mvua za huko Vihiga? Mimi ni mzima, na kibanda changu cha viatu hakijakosa kazi. Nakuandikia kwa shukrani, ingawa habari yenyewe inaanza na kosa langu.

Jumatatu, Atieno, msichana wa Kawangware anayeshindana kwa baiskeli za milimani, aliniletea viatu vyake vya mashindano. Hana vingine, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Soli zilikuwa zimelika karibu zote. Chini ya kila kiatu kuna kichuma kinachonasa kwenye pedali ili mguu usichomoke. Nilipima unene wa sehemu ambayo haikuwa imelika, nikauandika kwenye shajara yangu ya kazi. Kisha nikafanya kama ulivyonifunza kwa viatu vya shambani: nikabandika mpira mnene wa tairi, udumu.

Alhamisi akaja na baiskeli, akavaa, akakanyaga. Kichuma hakikunasa. Akakanyaga tena.

"Fundi, hii chuma imezama! Sasa nitajishikilia na nini, maombi?"

Mama Brayo, anayeuza mandazi kando yangu, alicheka hadi akaweka mwiko chini. "Dada ametaka viatu vya mbio, umempea gumbuti za shamba!"

Kuung'oa mpira kungechana kiatu, gundi ilikuwa imeshika. Nilifungua shajara nikamwonyesha kipimo nilichoandika mwenyewe na kukipuuza. Nilingoja matusi. Yeye akakalia stuli yangu, miguu mitupu.

"Basi nyoa, fundi. Mimi nitakuwa najaribu."

Tulishinda hapo mpaka alasiri. Nanyoa mpira kuzunguka kichuma, anavaa, anakanyaga, anatikisa kichwa. Mara ya saba tukasikia ta! Mguu ukanasa. Akapindisha kisigino nje, ukaachia. Mama Brayo akapiga makofi, nami nikanyoa kiatu cha pili kwa kipimo hicho hicho.

Jana jioni alipita hapa, matope hadi masikioni. Hakushinda, lakini alimaliza. Penye mlima mkali walishuka wote kusukuma baiskeli.

"Wenzangu walikuwa wanateleza kama wamekanyaga sabuni," akasema. "Mimi napanda tu, huu mpira wa tairi unashika matope! Nani alikufunza kubandika hivi?"

Nilimtajia jina lako, Baba, lote, mpaka la babu.

Nisalimie Mama, dada yangu mwalimu wa chekechea, na mjomba anayesaga unga kwenye posho mill. Mungu awatunze.

Ni mimi mwanao,
Josephat