Zaituni Yuko Upande wa Jikoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, unalala sasa? Sisi huku Maskati tunakula na kulala, ila kuna jambo. Kwenye simu ningelia kabla ya kumaliza salamu, ndiyo maana naandika.

Nilikwambia mwenye nyumba alisoma Uskochi. Basi nyumba yake hii ya mtaa wa Qurum ameijenga kama majumba ya mabwana wa huko. Mbele kuna nguzo na ngazi pana. Nyuma ni jiko, chumba cha kufulia, stoo na vyumba vyetu wafanyakazi, na ngazi nyembamba ya peke yake ili mbeba sinia asikutane na mgeni. Katikati kuna mlango mzito unaojifunga wenyewe, haupitishi harufu wala sauti. Mama yake mwenye nyumba, tunayemwita Bibi, mzaliwa wa Unguja, anauchukia. "Nyumba gani hii, mtu hajui anapikiwa nini?"

Bibi alipenda maongezi yangu, akanihamishia mbele nilale chumbani kwake. Tena yeye hali chakula peke yake, lazima tule sinia moja. Zaituni, mdogo wangu uliyenikabidhi, akabaki nyuma. Nilifurahi, mama. Sikujiuliza yeye anakula na nani.

Ijumaa alimwagikiwa na mafuta ya moto mkononi akikaanga sambusa. Aliniita. Mimi nilikuwa namchambulia Bibi samaki, tunacheka, sikusikia kitu. Nilipopeleka vyombo nikamkuta amekaa sakafuni, mkono ndani ya ndoo ya maji. "Si kitu, dada," akasema. Daktari anasema mkono utapona, ila alama itabaki.

Niliomba kurudi nyuma nilale naye, mke wa mwenye nyumba, ambaye sisi wafanyakazi humwita madamu, akakataa. Bibi akakasirika, akaamuru ule mlango uzuiwe kwa tofali, ukae wazi. Sasa vitunguu vinanukia hadi sebuleni naye amefurahi. "Leo nnajua nnakaa nyumba ya watu," anasema.

Msalimie shangazi anayekuchotea maji, na kaka na cherehani yake.

Jana Bibi aliniambia nimwite Zaituni tule wote. Alikuja akasimama kizingitini, mkono umefungwa bendeji, akauliza kama tunahitaji kitu. Nikamwambia, "Kaa ule, mdogo wangu."

"Ahsante, madamu, nimeshakula."

Alikuwa ananitazama mimi, mama, si Bibi. Ukiongea naye usiniombee msamaha. Niache niuombe mwenyewe, nikiwa nimekaa upande wake.

Mwanao anayekukumbuka,
Mwanaidi