Bastola ya Pili ya Feisal

Diani

Kaka yangu Abdulrahim,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti la Mama limepata nafuu, na mbuzi wetu mweupe amezaa pacha.

Shemeji yako Feisal ameshika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Juzi alitoka wa pili klabuni, nikampikia pilau. Bastola yake ya mashindano ni nzito, ina mtutu mrefu, na anasema uzito huo hutuliza mkono. Hiyo nimeshaizoea. Lakini wiki iliyopita alirudi na nyingine, ndogo, inayoingia mfukoni mwa kanzu.

"Na hii ni ya nini tena?" nikamuuliza.

"Ile kubwa ni ya mchezo. Hii ni ya kujilinda."

"Kujilinda na nani, mume wangu?"

Aliendelea kuifuta kwa kitambaa, kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka yako atakuja peke yake?"

Kaka, habari ya safari yako sijamwambia mtu, hata Mama. Na tangu ulipokataa shamba la Baba la Msambweni liuzwe, Feisal hajawahi kulitaja jina lako. Labda namdhania vibaya, Mungu anisamehe. Hata hivyo usifikie kwetu. Nenda moja kwa moja Vanga kwa shangazi Maimuna, nami nitakufuata huko.

Simu yangu siiamini tena, ndiyo maana nimempa barua hii jirani anayerudi huko uliko, Maskati. Ukishaisoma, tafadhali usinipigie.

Mdogo wako akuombeaye salama,
Fauzia