Tangazo la Tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama huko Nduruma, na kwamba zamu yetu ya maji haijaporwa tena na yule jirani wa juu ya mfereji. Mimi sijambo. Najua tangu maofisa walipokuja kukueleza habari za mguu wangu huliamini tena neno hilo, lakini kidonda kimefunga, na Jumapili iliyopita nilikwenda ibadani kwa magongo, kwenye hilo turubai tunaloliita kanisa hapa kambini.

Mama, nina kosa la kukiri. Unakumbuka mimi na Haika tulisomewa matangazo ya ndoa Jumapili mbili, na kabla ya ile ya tatu nikaitwa kuja kulinda amani huku Congo. Haika alitaka nimwombe mkuu wangu nibaki mpaka harusi ipite. Mimi nikajitia ushujaa, nikamwambia askari haombi. Akaninunia, hakuja hata kuniaga.

Nilipozinduka hospitalini nikakuta chini ya goti la kushoto hakuna kitu, nilimwona Haika akilini mwangu akinisukuma kwenye kiti cha magurudumu pale kwao Kimandolu, watu wakimhurumia. Nikaona haya. Nikamwandikia kwamba nimemwachilia, atafute mwanamume mzima. Barua yenyewe niliijaza mistari ya Biblia, Mungu anisamehe, ili woga wangu uonekane upendo. Wewe sikukwambia, maana ungenigombeza.

Wiki kadhaa nilisubiri jibu huku nikijidanganya kwamba sisubiri. Juzi bahasha ikafika na wenzetu waliotoka likizo. Nilikuwa mazoezini, kwa hiyo aliipokea Hamisi, mwenzangu wa kitanda cha pili, kijana wa Tanga. Nikamkuta ameniwekea karatasi mezani:

“Elibariki, siku uliyoondoka nilikununia, sikuja kukuaga. Kwa hilo nakuletea isale. Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma, sijayakubali. Haika.”

“Hamisi, isale liko wapi?”

“Ndiyo nini? Lile jani kavu? Bahasha ilikuwa imechanika, nikadhani ni mboga imeozea humo. Nimetupa.”

“Umetupa! Kwetu Meru, na kwa Wachagga akina Haika, jani lile likifungwa fundo ukaletewa, umeombwa msamaha. Hata kama mtu kakuchomea nyumba, hukatai.”

Akanitazama kidogo. “Sasa ndugu yangu, wewe ndiye umemwacha, halafu yeye ndiye anayeomba msamaha?”

Nikashika magongo yangu. Tulikwenda kwenye pipa la taka, yeye akachakura, mimi nikaelekeza kwa gongo, mpaka tukalipata chini ya maganda ya viazi, fundo lake bado limekaza. Nililia, Mama, mbele ya watu wazima. Sasa nimelihifadhi ndani ya Biblia.

Wanasema nitarudishwa nyumbani kabla ya masika. Naomba unifanyie mambo mawili. Kwanza, kata jani la isale pale mpakani mwa shamba, lifunge fundo, umpelekee Haika kwa mkono wako. Mwambie nimeona aibu ya kweli safari hii, nami nampenda, na kama bado ananitaka na mguu mmoja, nakuja. Akilipokea, nenda kwa mchungaji umwombe asome tangazo lililobaki.

Nisalimie shangazi, na kaka akumbuke kukarabati ngazi ya mlangoni, maana nitaihitaji. Mwalimu wa kwaya mwambie besi yangu haikukatwa.

Na Jumapili hiyo, mchungaji atakapouliza kama kuna mwenye pingamizi, usihangaike kugeuka nyuma kutazama. Mwenye pingamizi nilikuwa mimi, Mama, na nimeshaketi.

Mwanao anayekupenda,
Elibariki