Viroboto wa Kwetu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu alikuja leo kujaribu gauni lake la harusi. Anafundisha chekechea. Mpole, anaongea na kila mtu kama vile amempotezea penseli. Alivua viatu mlangoni — mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo, hapa zinaingia nguo nyeupe — akapanda juu ya kigoda. Mimi chini, magotini, pini mdomoni, napima pindo.

Akaanza kujikuna kifundo cha mguu. Kisha cha pili. Mara nikaona kitu juu ya satini. Cheusi, kidogo, kama ufuta ulioungua. Nikakigusa. Kikaruka.

Na yeye alikiona.

"Fundi, humu ndani kuna viroboto?"

Ningesema tu ndiyo, tuna paka. Hajui kama tuna paka, siku za wateja tunamfungia chumbani kwa ajili ya manyoya. Nilizitoa pini mdomoni moja moja, taratibu, na humo humo nikapata nafasi ya kuwa mwongo.

"Humu? Hapana. Wewe si una mbwa? Labda umekuja nao."

Uso ukamshuka. Akaanza kuomba radhi. Akashuka kwenye kigoda amelinyanyua gauni juu juu, kama anaogopa kulichafua. Nikamwambia asijali, mambo ya kawaida. Nimepokea radhi ya mtu aliyeumwa nyumbani kwangu!

Alipoondoka nikaenda kumkamata Shemeji, paka wetu. Mama ndiye aliyempa jina hilo: anaingia bila hodi, anakula, analala, hachangii hata sabuni. Nikapanua manyoya nyuma ya masikio. Wanatembea. Punje nyeusi zimejaa hadi mkiani. Nikaziweka kwenye pamba yenye maji, zikageuka nyekundu. Damu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefua kutwa. Mashuka, mapazia, vifuniko vya makochi, kila kitu maji ya moto. Jirani akauliza kuna msiba? Nikasema nafanya usafi tu.

Nilipofika kwenye shuka la Mama nikakuta vidoa vidogo vya damu upande wa miguuni. Nikamwambia anionyeshe miguu. Hakutaka. Nikavuta kanga kidogo. Imevimba vimba hadi magotini, mahali pengine amejikuna mpaka ngozi imetoka.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nilidhani umeamua tuishi nao."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana nashindwa kula.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu amepiga simu. Nilidhani ananipigia kuhusu mikono ya gauni. Kumbe kunipa taarifa. Amemwogesha mbwa, amemkagua mwili mzima, hakuona kitu, lakini amemtoa nje hata hivyo. Amemfunga kwenye mti nyuma ya nyumba. Mbwa mzee, amezoea kulala mlangoni pa chumba chake tangu yeye akiwa mwanafunzi. Analia, anasema. Baba yake amekasirika, hawalali.

"Nimesikia aibu sana, Fundi. Nyumbani kwa watu!"

Nikasema pole.

Hilo tu. Pole. Neno likatoka laini kabisa, kama la mtu mwema.

Mama alikuwa anasikiliza. Anajifanya masikio yamekufa, lakini anayotaka kuyasikia anayasikia. Akaniambia nimpeleke Shemeji kwa daktari wa mifugo hapo kona, viroboto si ukoma. Nikasema nitaenda. Siendi. Mwalimu anampeleka mbwa wake pale pale. Nikionekana na paka mkononi nimekwisha. Bi harusi mmoja akimwambia mwenzake kwamba kwa yule fundi gauni linaruka lenyewe, nani ataniletea kitambaa tena?

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda duka la pembejeo upande wa pili wa mji, nisikojulikana. Nilijitanda mtandio mpaka machoni, kama nimekwenda kuiba. Kuna wateja watatu nyuma yangu. Muuzaji akauliza kwa sauti, dawa ya viroboto? Ya mnyama gani?

Nikasema mbwa. Sijui kwa nini. Tayari mbwa ndiye niliyemsingizia, ulimi ukaenda njia uliyoizoea.

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa."

Akanipa kijichupa cha kudondoshea shingoni. Nikawaza dawa ni dawa, nitapunguza tu. Mchana nimemdondoshea Shemeji nusu. Alijaribu kujilamba hakufikia. Mama akauliza, daktari kasemaje? Nikasema kasema atapona.

Naona sasa nadanganya bila hata kusimama kufikiri.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji karibu afe.

Asubuhi Mama aliniita kwa jina langu lote. Nikakimbia. Paka yuko chini ya kitanda, anatetemeka kuanzia masikio hadi mkia, mate yanamtoka, macho yamekodoka. Nikimgusa anaruka kama nimemchoma sindano. Mama amekaa sakafuni kando yake — Mama ambaye kuinama tu ni kazi — anamwambia tulia baba, tulia.

Nikamtia kwenye kikapu cha nguo za wateja, juu ya taulo, nikakimbia naye kona. Bila mtandio. Jirani ameniona, muuza vocha ameniona, sikujali tena. Leo Jumapili, nikagonga mlango wa nyuma anakoishi daktari. Akatoka na kijiko cha chai mkononi.

"Umempaka nini?"

Nikampa kichupa na boksi lake. Akakisoma, akanigeuzia boksi. Pana picha ya paka imekatwa mstari mwekundu. Kubwa tu. Hata asiyejua kusoma angeiona.

"Hii ya mbwa ni sumu kwa paka. Nani alikwambia umpake?"

"Hakuna."

"Mimi niko hapa mita chache kutoka kwako, Fundi. Kwa nini hukuuliza?"

Alimwosha shingo kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, akamdunga sindano, akamfunika. Akasema paka abaki kwake. Nilisimama pale na kikapu kitupu mpaka mke wake akaniletea kiti.

Jumanne, 11 Machi

Amerudi. Anayumba akitembea lakini amekula. Mama hajaniuliza chochote, na hilo linaniumiza kuliko angenifokea. Anamlisha kwa kidole.

Daktari amempa dawa yake mwenyewe, ya paka. Akanieleza vizuri, kwa upole: hao unaowaona kwa paka ni wachache, wengi wako nyumbani. Mayai yanadondoka kila anapolala — kwenye zulia, nyufa za sakafu, ndani ya makochi. Nifagie kila siku, taka zitoke nje kabisa, nifue anapolala, na nisikate tamaa nikiona wapya wanatokea, ni wale waliokuwa bado kwenye mayai. Na dawa ya mbwa ya aina yoyote, iwe maji iwe unga, isiingie humu ndani tena.

Nimenyanyua zulia la chumba cha mbele. Nimeinua matakia. Aibu! Kwenye mishono ya kochi ambalo wateja wanakaa kunisubiri, kumejaa vumbi jeusi na vitu vyeupe vidogo vinavyojikunja. Mimi mtu wa kukagua mishono ya wengine.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu yuko chumba cha mbele sasa hivi. Alikuwa aje kesho. Hakuja kwa ajili ya gauni. Amekuja na ufagio wake, kitambaa kichwani, na kopo la unga wa viroboto. Anasema tangu siku ile roho haimpi, ameitia viroboto nyumba ya mtu, basi leo atanisafishia mwenyewe. Nisimkatalie.

Halafu akasema, huku anakunja mikono ya blauzi, kwamba mbwa wamemgawa. Kwa mlinzi wa ghala la mbao, atakuja kumchukua jioni hii. Huko atafungwa mnyororo, lakini angalau atakula. Akacheka kidogo. "Ndiyo hivyo, Fundi. Siwezi kuingia kwa mume na viroboto." Akageukia ukutani, akajifanya anarekebisha kitambaa cha kichwa.

Alipopiga magoti mbele ya kochi na kufungua kopo nikaona picha ya mbwa ubavuni.

Nikasema, "Subiri. Usimwage."

Akaniangalia. "Kwa nini?"

Nikasema nakuja. Nikaingia huku chumbani nikafunga mlango. Shemeji amelala mapajani mwangu, mzito, ana joto. Naandika kwa sababu sijui niiweke wapi mikono. Jioni si mbali. Jua limeshafika kwenye kabati.

Huko nje namsikia anamwuliza Mama kama amekosea jambo. Naomba Mama aseme yeye. Aseme tu, kwa sauti yake hiyo ya kiziwi, mtaa mzima usikie, iishe.

"Kaa, mwalimu," Mama anasema. "Anakuja mwenyewe kukwambia."

Kochi limelia. Amekaa.