Pini za Mlingoti wa Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Natumaini lile goti limetulia. Mimi bado nipo, ila nimekwisha. Daktari ananihimiza nile vizuri, kwa sauti ile wanayotumia wakiwa hawana dawa nyingine. Kalamu nimeishika mwenyewe, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Karakana sasa anaiendesha binti yangu, yule uliyekuwa ukimwita Kelele. Juzi walirudisha mlingoti kwenye mashua ya mteja, nikabebwa na kiti changu hadi gatini kutazama. Alifanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe: akapandisha futi ya kupimia hadi kileleni, akapima kushoto na kulia mpaka vipimo vikalingana, ndipo akakaza nyaya za pembeni zinazoushikilia mlingoti, kidogo kidogo, upande huu kisha ule. Nilimuuliza mbona hazigongi kwa kidole asikilize mlio. Alinijibu kwamba masikio hayo alikuwa nayo baba mdogo peke yake, na tazama yalimfikisha wapi. Kisha akamwambia fundi mwenzake asisahau pini, asije akafanya kazi ya Sikio. Wakacheka wote.

Ndivyo wanavyosema hapa, ndugu yangu. Jina la utani ulilopewa kwa sifa limekuwa jina la uzembe, nami nimelisikia miaka yote nikiendelea kunywa chai yangu.

Bila shaka unaikumbuka siku tuliporudisha mlingoti wa mashua ya Baba. Ulimaliza, ukatia pini kwenye skrubu za kukazia nyaya ili zisijifungue. Baba akagonga waya mmoja, akasema hata yeye asingeweza kuupata vile. Mimi, kaka mkubwa, nilikuwa nimeshika ndoo.

Mlipokwenda kula nilibaki. Niliutazama mlingoti, nikaona umeinama kulia, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikachomoa pini mbili, nikakaza upande wa kushoto. Sikupima. Baadaye ndipo nilipoona madebe ya maji yamepangwa yote upande wa kulia. Mashua ndiyo iliyoinama; mlingoti wako ulikuwa sawa. Nikarudisha skrubu kwa kukisia, nikasikia mnakuja, nikashuka. Pini zilibaki mfukoni mwangu.

Kesho yake mlingoti ulipoanguka na kuvunja bega la Baba, alikuuliza mbele ya watu kama ulitia pini. Ukasema ulitia. Akakwambia kwamba fundi mzembe angemvumilia, lakini si mwongo. Nilikuwa nimesimama ubavuni pako, mkono mfukoni. Na ulipoondoka kwenda kuuza viatu, nilikubebea mzigo hadi kituo cha basi, nikakushauri usikate tamaa.

Baba alikufa akiamini vile, na hilo siwezi tena kulirekebisha. Lakini jana niliwaita wote karakanani nikawaeleza kama nilivyokuandikia. Hakuna aliyecheka. Jioni binti yangu aliniuliza unakaa wapi.

Sikuombi uje kuniaga. Ukija, pitia gatini kwanza. Mashua ya yule mteja bado imefungwa pale. Kelele amezichomoa pini, na amekataa kuzirudisha mpaka uzigonge nyaya wewe. Dirisha langu la upande wa gati liko wazi. Nitasikia.

Msalimie shemeji, na tafadhali umsomee barua hii yote, usiruke kitu.

Ni mimi,
Kaka yako