Njia ya Tatu Uliyoniagiza, Bibi

Bibi,

Watalii wanatoka mbali kuja kuangalia nyumbu. Hawajui tu. Wangejua kwamba mimi nipo hapa Natta, wangegeuza magari yote, nyumbu wabaki wanaulizana kulikoni. Katika wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, hakuna mwanaume anayesubiriwa na wanawake wengi kama mimi mumeo. Nikichelewa kidogo kutuma kipande cha hadithi, simu inatetemeka mpaka inatembea yenyewe mezani.

Shikamoo lakini. Najua ungesema, huyu anajisifu kwanza, anasalimia baadaye, kama babu yake.

Ile hadithi yetu ya kwenye simu inaendelea. Nasema yetu kwa heshima tu, maana kazi niliifanya mimi, wewe ulikaa unamenya mihogo na kuongea. Ulipoondoka wasomaji walikuwa majirani na ndugu. Sasa wapo mpaka Sirari, na hao wa Sirari wananiandikia, "Boss, leta story mbio." Nawajibu watulie, fundi hakimbizwi.

Kila mtu bado anaingia kwa mlango uleule. Anakunywa maziwa ya mgando kwenye kibuyu chako, akikishusha anajikuta amerudi enzi zile ukiwa msichana, ngoma imekolea, miguu yake haina viatu. Hapo anachagua. Akinitumia namba moja, anamfuata binti wa shanga mtoni. Akinitumia mbili, anakwenda kwanza kumsalimia baba wa binti. Wote wanatuma moja, Bibi. Hata yule mzee wa kanisa alituma moja, halafu akaniandikia kwamba kidole kiliteleza. Cha ajabu, kwenye kipande kilichofuata kikateleza tena.

Watoto siwaingizi. Ulisema hayo ya mtoni ni ya watu wazima, basi kila anayeomba kuingia namuuliza ametahiriwa na rika gani. Juzi kijana mmoja akanitajia rika la babu yake. Nikamjibu, shikamoo mzee, nenda kapumzike.

Na swali la pili bado ni lile uliloniongezea wewe. Unakumbuka? Nilikusomea kipande cha mtoni nikiwa nimevimba kwa sifa, yule binti nimemwandika wa ukoo wa pundamilia, maana nililipenda tu hilo jina. Ukaweka kisu chini. "Mume wangu, nusu ya watu wako si ni wa pundamilia? Umewapeleka mtoni na dada zao." Nikasema, Bibi, ni hadithi. Ukasema, "Mwiko haujui hadithi." Kumbe jirani yetu alikuwa ameshachagua, akaja mbio anadai nimtolee mbuzi wa kumtakasa. Wewe ulicheka mpaka mihogo ikamwagika, ukamwambia akaoge tu, kwani mtoni amefika. Tangu siku ile kila msomaji anataja ukoo kabla hajagusa kibuyu, na binti namgawia ukoo mwingine.

Ni siku hiyohiyo, jirani alipoondoka, ukaniuliza kama hadithi yangu ina njia mbili tu.

Ukanisimulia kijana wa Natta aliyekuwa akija kwenu na mikia ya nyumbu, akiwauzia wacheza ngoma. Jina lake hukunitajia. Ulisema alikuwa na pua nzuri na maneno machache. Halafu ng'ombe wa mahari wa babu wakaingia uani, baba yako akawatazama, na mazungumzo yakaishia hapo. Ukaniambia, "Niandikie njia ya tatu. Nimfuate yule. Nione ningefika wapi." Nikakuuliza, ukimfuata yule, mimi nitazaliwa vipi? Ukasema, "Utazaliwa tu, ila safari hii na pua."

Basi ujue nimekuja Natta. Nipo kambi ya watalii, nafua mashuka, ingawa kijijini nimesema mimi ni meneja. Siku za mapumziko natembea nikiangalia ungeishi wapi. Maji yapo mbali, ungelalamika. Tembo wanaingia kwenye mahindi, ungewatukana na wangeondoka. Wanawake wa hapa wanacheka kwa nguvu, hapo sawa. Wazee wote nimewakagua pua. Wapo wawili wanaofanana na maelezo yako. Nimewaamkia tu, sikuwauliza kitu.

Nyumbani wote wazima. Kaka Marwa amepata binti, wamempa jina lako, Ghati. Nilimwambia shemeji ajue kwamba anamnyonyesha mke wangu, amlishe vizuri. Alinirushia kitambaa. Mtoto naye ana ukali wako, nikimbeba ananiangalia kama mtu anayenijua na hajaridhika.

Sasa Bibi.

Wasomaji wananisifu, nami naitikia. Lakini ile wiki ya mwisho, ukiwa umelala upande mmoja tu, uliniuliza njia ya tatu imefika wapi. Nikasema imekwisha, tamu sana, ila simu imezima. Simu ilikuwa nzima mfukoni. Kesho yake ukauliza tena, nikasema nimeisahau simu kwa rafiki. Ukasema, "Haya, mume wangu, nitasubiri." Na ukasubiri kweli, siku mbili.

Hapakuwa na kitu, Bibi. Hata neno moja. Wiki hiyohiyo niliandika vipande vinne vya mtoni, nikasifiwa kwa vyote.

Mimi Mwita naahidi, Jumamosi nisipokuwa zamu naanza. Nitawaandika wewe na mwenye mikia mpaka mzeeke, na nyumba, na watoto wenu, na pua zao. Nitakuja Tarime niisome yote kwa sauti hapo ulipolala, hata wapita njia wakisimama. Pumzika, mke wangu. Usiniondokee tena kabla sijamaliza.

Nyumbani nimewaambia sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi. Haikuwa kazi, wala uvivu. Nilikaa na simu mara nyingi nikafika pale unapoulizwa, moja, mbili, au tatu, na vidole vikakataa. Niliogopa ungechagua tatu.