Kamba ya Straton

Kibua, tarehe 9 mwezi wa pili, 1954

Kwa Papa mukwe, kule Ngungu,

Papa, ninawasalimia kwa heshima, mimi Vénantie, bibi ya marehemu mutoto wenu Straton. Muliamuka wazima? Na Mama mukwe, mugongo wake unamuacha alale kidogo? Ngombe nazo, mvua imezirudishia maziwa ao bado? Kama munauliza juu yetu, mimi niko, nachoka tu. Bado tunakaa katika nyumba ya kazi, nalima mihogo nyuma. Anne ametoa meno mane, anatembea kwa kushika kitanda, na tangu juma moja anakohoa. Namupakaa mawese kwenye kifua. Ana paji la baba yake, kila anayepita anasema vile, na mimi naitika tu, maana nitafanya nini?

Jina lenu kwenye bahasha liliandikwa na karani wa hapa kazini. Munajua desturi, mukamwana hawezi kulitamka, na niliona hata kuliandika haifai.

Najua ni katekista Barthélemy anayewasomea. Katekista, nakuomba: soma polepole, na ukifika pale pazito usiruke neno. Papa akikuambia unyamaze, nyamaza kidogo, halafu endelea.

Barua yenu ilinifikia kwa kamio, ile motokari ya mizigo ya Kashebere. Mulisema kama siku ya ine ya juma ijayo Nzabandora atasimama mbele ya tribinali ya shefu ahukumiwe, sababu alikata kamba ya Straton kwa wivu, maana Straton njo alifanywa kapita, mukubwa wa kazi. Mulisema tena kama shemeji Hakorimana atakuja kuchukua Anne akiacha kunyonya. Na muliuliza kama ni kweli lile ua lilipewa jina la mutoto wenu, maana watu wanasema vile. Nitajibu yote, lakini si kwa mustari mulioandika.

Kazi ya muzungu wetu Monsieur Benoît mulisikia kwa mbali tu, na kule kwetu watu walicheka. Mama mukwe alisema mutoto wake ameacha ngombe ili akachunge majani. Straton akamujibu kama angalau majani hayapigi teke. Lakini ilikuwa kazi kweli. Monsieur alikuwa anatafuta miti ambayo haina jina bado katika vitabu vya kwao, na kuona muti hakutoshi. Muti bila ua wala tunda, alisema, ni kama muntu aliyefunika uso, huwezi kusema ni wa ukoo gani. Na miti mikubwa ya huku Walikale inaweka maua yake juu kabisa. Kwa hiyo Straton alipanda, na Nzabandora alishika kamba chini.

Nzabandora munamujua, mulima maharagwe, bwana ya Nyiramana. Wale wawili walitaniana kutwa. Nzabandora alisema muntu wa ngombe akipanda muti, ngombe zenyewe zinageuka kwa haya. Straton alisema muntu wa maharagwe akishika kamba, anangoja iote. Wivu haukuwa pale, Papa. Niliwapikia wote wawili kwa sufuria moja miaka miwili.

Kazi yangu mimi ilikuwa karatasi. Tawi likiletwa, unalilaza kati ya magazeti pamoja na numero yake, unalibana kwa mbao mbili na mikaba, unaliweka juu ya makala ya kuni yenye moto mudogo ili likauke. Kila saa unafungua, unatoa gazeti lililoloa, unaweka kavu. Ukichelewa, ukungu unakula ua. Ukizidisha moto, umepoteza. Monsieur alinichukua sababu nilisoma kwa Mamere, wale masista, mpaka kalasi ya tatu, najua kuandika numero. Niliifanya na Anne mugongoni.

Mwezi wa kumi na moja Straton alishusha tawi la muti mumoja wa ngambo ya mto. Maua meupe, ndani mekundu kama ufizi wa mutoto. Monsieur aliyaangalia kwa kioo chake, akapasua moja kwa sindano, akahesabu vitu vya ndani, halafu akakaa chini kama muntu aliyeletewa habari ya kifo. Alisema yeye iko huku miaka kumi na mbili na ule muti hajauona. Ni mupya. Alisema lile tawi litakwenda Ulaya, litawekwa ndani ya nyumba ya majani makavu, na kila atakayetaka kujua ule muti atapaswa kuangalia lile, si lingine. Akaniwekea mukononi mwenyewe. Kesho yake akaenda Masisi kutafuta magazeti na alkoli, siku tatu, akawapa watu mapumziko kwa ajili ya mvua. Wote, isipokuwa mimi.

Siku ya pili ya mapumziko Straton alipanda tena ule muti, akaanguka. Hiyo munajua. Nzabandora alimuleta kwa tipoyi, fito alizofunga kama kitanda akazikokota, naye alikufa mbele ya saa sita ya muchana, tawi jipya mukononi. Kamba ilionekana imekatwa. Nzabandora alisema aliikata kwa kufungia tipoyi. Walipomuuliza sababu gani muntu anapanda muti siku ya mapumziko, mvua inanyesha, alisema hajui. Kwenye mazishi mulisimama mbele yake mukamuuliza tena, naye akaangalia udongo. Mukasema muntu asiye na kosa hawezi kukosa maneno. Mimi nilikuwa pale, Papa. Nilisikia, na sikufungua kinywa.

Juu ya lile jina: hapana. Monsieur aliniandikia kutoka Ulaya. Ua atalipa jina la mwalimu wake wa zamani, muzee ambaye hajafika Kongo hata siku moja. Anasema kwao njo desturi, mwanafunzi anamuheshimu mwalimu. Anasema Straton naye atakuwa katika kitabu, chini, kwa herufi ndogo: tawi lilikatwa na mupandaji wa hapa. Mupandaji tu. Alifikiri nitafurahi. Nilisoma mara mbili, nikaenda kufua nguo za mutoto.

Sasa Katekista, ni hapa.

Ile siku Anne alikuwa na homa. Makala ilikuwa imeloa, haishiki, magazeti yameanza kunuka ukungu, na mimi niliogopa kupoteza lile tawi. Nikaongeza kuni kavu, nikapepea, moto ukashika. Mara mutoto akageuza macho, akaanza kutetemeka. Nikakimbia naye kwenye pipa la maji, nikamumwagia, nikakaa naye mpaka akapoa. Niliporudi, mbao zilikuwa nyeusi. Tawi lilikuwa majivu, pamoja na numero yake.

Karani alizoea kutuambia kama mwenye kuharibu kitu cha muzungu anakwenda gereza la Walikale. Nikajiona kule na mutoto mugonjwa. Nikamuita Straton, nikamuambia akate tawi lingine mbele Monsieur arudi, maana ule muti unashika maua siku chache tu. Alisema shina linateleza kama sabuni. Akamuita Nzabandora, na Nzabandora akakataa. Alisema tungoje jua. Kama Monsieur atakasirika, akasirike, yeye Nzabandora atasema ni yeye aliyejikwaa akaangusha zile mbao ndani ya moto. Alisema vile, Papa, na kucheka juu, eti mikono ya muntu wa maharagwe kila muntu anaijua.

Mimi sikutaka kungoja. Nikamuambia Straton, mbele ya mwenzake, kama nilifikiri niliolewa na mupandaji, kumbe niliolewa na kapita wa kukaa chini. Nikamuambia anipe ile kamba nipande mimi, na yeye abaki anyonyeshe mutoto.

Alichukua kamba akaenda. Nzabandora alibaki ananiangalia, akatafuta panga lake, halafu akamufuata mbio. Alimukuta amekwisha kuanguka, na kamba nzima, imemuzunguka kiunoni. Aliikata kwa panga sababu hakuwa na kitu kingine cha kufungia fito.

Njiani Straton alimuapisha asitaje maua yaliyoungua, ili nisifungwe. Nzabandora ameshika kile kiapo miezi mitatu. Siku ya ine atakishika tena mbele ya shefu, namujua. Juzi Nyiramana alikuja kuchukua vyombo vyao vilivyobaki hapa. Hakukaa. Alisimama mulangoni, akaniuliza kama ile homa ya mutoto iliisha vizuri siku ile. Nikasema iliisha. Akabeba kikapu chake akaenda.

Tawi lililofika Ulaya ni lile la mukononi mwa Straton. Nililikausha mimi, usiku wa siku aliyokufa, kwa moto mudogo, na sikuondoka pale hata mara moja.

Papa, sisemi munisamehe. Hiyo ni yenu na Mungu. Siku ya ine nitasimama mbele ya tribinali na nitasema haya kwa kinywa changu. Kamio inanitoa hapa siku ya pili ya juma, kule inakoishia nitatembea. Barua imenitangulia ili musiyasikie mara ya kwanza mbele ya watu. Na Anne nitakuja naye. Mutamushika, Mama mukwe atamupakata mpaka achoke. Lakini Hakorimana asijisumbue kuja huku, mutoto habaki kwenu. Wakinifunga, anaingia na mimi, iko ananyonya. Akikua nitamuambia nani alimutuma baba yake kule juu, na hataambiwa na muntu mwingine.

Ninamusalimia Mama mukwe na magoti chini. Ninasalimia shemeji Hakorimana, na wote wanaolala chini ya paa lenu. Nzabandora musimuambie kama ninakuja. Ataniomba ninyamaze, na ninaogopa nitakubali.

Mimi mukamwana wenu,
Vénantie